Gorila, Ngoma na Pasipoti ya Binti

Kabalagala ni mtaa wa Kampala usiojua kulala. Ni jina pia la vitumbua vya ndizi mbivu zilizopondwa na unga wa muhogo, vinavyokaangwa kando ya barabara na kuliwa vikiwa vya moto. Jumapili moja alasiri vyote viwili vilikuwapo: mtaa ukivuma muziki upande wa chini, na sahani ya vitumbua ikipungua haraka kwenye baraza la mgahawa mdogo wa Kansanga. Wanachama kumi na wawili wa kikundi cha kuweka na kukopa walikuwa wamekutana. Mikopo imerudi, akiba imetimia, na kwa mara ya kwanza wamekubaliana wasigawane fedha zote. Sehemu watasafiri nayo Januari, mvua za mwisho wa mwaka zikiwa zimepita na njia za magharibi zimekauka.

Ajenda ilikuwa mstari mmoja: wanyama au utamaduni?

Swali hilo hawakulitunga wenyewe. Vipeperushi vya watalii ndivyo vinavyoigawa Uganda hivyo: asubuhi simba, alasiri ngoma kijijini, jioni kitanda chenye chandarua. Kikundi hiki cha Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongo, ambao lugha yao ya kikao ni Kiswahili kwa sababu hakuna nyingine inayowaenea wote, kilianza nacho kama mtu anayevaa koti la kuazima. Mikono ilionekana mirefu mapema sana.

Mweka hazina, mhasibu kutoka Mwanza, alifungua daftari kabla chai haijamiminwa. Msimamo wake ulikuwa mmoja: gorila. "Ndugu zangu, sikilizeni hesabu. Kibali cha kuwaona gorila Bwindi, mgeni kutoka Ulaya au Marekani analipa dola 800. Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni shilingi laki tatu za Uganda, kama dola 80 hivi. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, mgeni analipa dola 1,500 tangu 2017. Kitu wanachovuka bahari kukitafuta, sisi tunauziwa kwa sehemu ya kumi ya bei, na bado watu wa hapa Kampala wanazeeka hawajakiona. Mnasubiri nini?"

"Wanasubiri mafuta ya gari, ssebo," dereva alijibu.

Huyu ni Mkiga wa Kabale, na kazi yake ya kila siku ni kuwapeleka wageni huko huko anakokusema mwenzake. Alieleza kwa upole wa mtu aliyeyasema hayo mara nyingi. Kibali si safari. Kutoka Kampala hadi Buhoma, upande wa kaskazini wa Bwindi, ni mwendo wa kutwa nzima, zaidi ya kilomita 450, na sehemu ya mwisho ni vumbi na kona. Takisi ya kawaida, ile ya viti kumi na vinne ambayo Nairobi wanaiita matatu, itafika Kabale bila shida. Milima inayofuata itaiaibisha. Kuna vitanda vya kulala, vyakula, na mchukuzi wa mzigo msituni. Hoteli nyingi za kule zimepangwa bei kwa dola, wala haziulizi mtu ni wa Jumuiya gani. "Laki tatu ndiyo rahisi," alisema. "Zilizoizunguka ndizo zinazouma."

Kisha akawatajia jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Familia moja ya gorila hupokea wageni wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja tu. Wao ni kumi na wawili. Kwa hiyo watagawanyika familia mbili, na wasipoangalia watajikuta sehemu mbili za msitu. Bwindi ina vituo vinne vya kuanzia: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Kati ya Buhoma na Rushaga kuna saa kadhaa za barabara ya milimani. Amewahi kuona kikundi cha harusi kilichonunua vibali kwa haraka, bibi harusi akapata kituo kimoja na bwana harusi kingine. Baraza zima lilicheka isipokuwa mweka hazina, ambaye alikuwa anaandika.

Muuguzi mmoja, mwenye mtoto wa miaka kumi na tatu, aliuliza kuhusu umri. Chini ya miaka kumi na tano haruhusiwi. Na mwenye mafua? Naye haruhusiwi: atabaki, maana mafua ya binadamu yanaweza kumuua gorila. Muuguzi aliitikia kwa kichwa. Alisema ni kanuni ya busara kuliko nyingi anazoziona wodini, ambako ndugu kumi wanamzunguka mgonjwa mmoja, kila mtu na kikohozi chake.

Hapo ndipo mama mwenye mgahawa, Mmombasa aliyekaa Kampala tangu miaka ya themanini, alipoweka birika chini. "Na mwanangu?"

Binti yake alizaliwa hospitali ya Mulago, mwendo mfupi kutoka hapo. Akiwa mdogo alipelekwa kwa shangazi yake Leicester, akasoma, akachukua uraia wa Uingereza kabla ya mwaka 2010. Likizo hii anakuja kusafiri na mamake. Mweka hazina aliangalia daftari lake kama linaloficha jibu. "Mama, kwa pasipoti hiyo ni dola 800."

"Mtoto wa Mulago!"

"Langoni hawaangalii alikozaliwa mtu, nnyabo," dereva alisema. "Wanaangalia karatasi."

Dola ikiwa karibu shilingi 3,700, kibali cha binti ni karibu milioni tatu, sawa na vibali kumi vya wenzake. Mweka hazina, ambaye hesabu humtoka hata asipoombwa, alilisema hilo kwa sauti, na likaleta kimya. Kikundi kinagharimia kila mtu sawa. Ndiyo sheria yake ya kwanza. Sasa mtu mmoja amegharimu kumi.

Mkutano ulikuwa umefika pazuri, ingawa wenyewe hawakuona. Bei mbili za mnyama mmoja ni jambo la kawaida Afrika Mashariki nzima, na lina sababu: mbuga zinatunzwa kwa kodi na ardhi ya wenyeji, mgeni achangie zaidi. Ila familia za siku hizi hazikai upande mmoja wa mstari huo. Kuna ndugu watatu, tumbo moja, na kila mmoja ana bei yake. Mmombasa huyu ana afadhali, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili, na aliyeupoteza zamani anaweza kuomba arudishiwe. Uganda nayo iliruhusu mwaka 2009. Mweka hazina alikiri kwa uchungu kidogo kwamba kwao Tanzania mtu mzima hawezi kushika uraia wa nchi mbili; angekuwa binti yake, mlango ungekuwa umefungwa.

"Basi na sisi je?" aliuliza kijana mpiga gitaa kutoka Goma, ambaye hadi hapo alikuwa anakula tu. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, kwa hiyo naye ni wa laki tatu, mradi karatasi zake ziwe sawa. Alicheka. "Papa, mimi nimezaliwa chini ya Virunga. Mbuga yetu ni ya 1925, babu yangu alikuwa anaiona kila asubuhi. Sijawahi kumwona gorila hata mmoja. Nije kumwona Uganda kwa bei ya jirani!"

Mwalimu mstaafu ndiye aliyeupindua mkutano. Ni Mnubi wa Bombo, kizazi cha askari wa Kisudani walioletwa na Mwingereza Lugard mwaka 1891, na amefundisha historia miaka mingi kiasi kwamba nusu ya waliokaa barazani humwamkia shikamoo hata wakimpita kwa cheo. Alisema wanachama wanajadili neno wasilolijua, ilhali ni lao.

"Safari," alisema, "kwa Mswahili ni mwendo wowote. Nakwenda Masaka kuzika, niko safarini. Wazungu walilichukua neno letu wakalifungia ndani ya gari lenye paa wazi, na sasa ninyi mnalinunua kwao. Mnafikiri misafara ya kwanza kufika hapa ilikuja kutazama nini? Miaka ya 1840, enzi za Kabaka Suna, watu wa pwani walifika Buganda kwa miguu, miezi mingi njiani. Hiyo ndiyo safari ya kikundi. Walikuwa na kiongozi wa mbele, wapagazi, mpishi, na fungu la hongo."

"Hongo, mwalimu?" mweka hazina alishtuka.

"Hongo ilikuwa ushuru wa njia. Kila mtawala unayepita kwake unamlipa nguo au shanga, naye anakupa maji, chakula na usalama. Wala haikuwa siri. Ilipangwa kwenye bajeti. Neno limeharibika, maana yake ya mwanzo haikuwa mbaya. Kwa hiyo swali langu si wanyama au utamaduni. Ninyi mnapita nyumbani kwa nani, na mnamlipa nani?"

Dereva, aliyekuwa ameegemea nguzo, alikaa sawa. Hapo ni kwao.

Alianza na linalojulikana. Sheria ya wanyamapori inataka asilimia 20 ya viingilio vya mbuga iende kwa majirani zake, na katika kila kibali cha gorila kuna dola 10 zaidi za vijiji. Shule na zahanati zimejengwa hivyo. Fedha za gorila pia ndizo zinazobeba mbuga nyingine ambazo hazijitoshelezi. Mwaka 2018 gorila wa milimani waliohesabiwa Bwindi na msitu jirani wa Sarambwe upande wa Kongo walikuwa 459, na pamoja na wa Virunga dunia nzima ilikuwa na 1,063. Idadi ilikuwa imepanda. "Bila wageni," alisema, "ule msitu ungekuwa mashamba ya viazi. Mimi ni Mkiga, najua tunavyolima."

"Dola 10 katika 800," mwalimu alisema. "Na hiyo asilimia 20 ni ya kiingilio cha lango, si ya kibali. Na Batwa?"

Mwaka 1991 Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa, Batwa waliokuwa wakiishi na kuwinda katika misitu ile walitolewa bila fidia ya maana. Wengi wakawa wapangaji na vibarua katika mashamba ya majirani zao. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba walidhulumiwa na wanastahili kufidiwa. Leo kuna matembezi msituni yanayoongozwa na Batwa: Mgahinga wanamfikisha mgeni hadi kwenye pango la Garama, na Buhoma wanaonyesha namna ya kuwasha moto, kutega na kutafuta dawa za mitishamba. Kwenye vipeperushi hilo huandikwa chini ya neno utamaduni.

Mwalimu hakutaka kikundi kiende huko. Mtu kufukuzwa nyumbani kwake, kisha akalipwa kuigiza alivyokuwa akiishi humo, si mchezo wa kutazamwa na watu wanaokula mandazi. Mama mwenye mgahawa alimuunga mkono. Dereva alipinga kwa ukali ambao hakuutarajia mwenyewe: wale wazee anawafahamu, ndiyo kazi waliyonayo, na mgeni akikataa kwenda kwa kuwaonea huruma, huruma yake haiwalishi.

Ajabu ni kwamba mpiga gitaa ndiye aliyelikata jambo. Yeye hupiga muziki kwenye hoteli za mjini, nyimbo za Kikongo za zamani, mbele ya watu wanaozungumza na simu. "Kuigiza si aibu, mama. Mimi naigiza Goma kila Ijumaa. Aibu ni pale mwenye hoteli anapochukua fedha zote halafu ananiambia nile jikoni. Tuulize nani analipwa. Kama ni wao, twende. Kama ni mtu wa kati, tusiende."

Ni swali la dakika moja kwa simu, na ni wageni wachache wanaoliuliza kabla ya kulipa.

Kutoka hapo utamaduni ulikoma kuwa kipengele cha alasiri. Mwalimu aliwakumbusha Kasubi, kilima kilicho ndani ya Kampala ambacho wengi wao hupita chini yake wakienda Hoima bila kugeuka. Pale wamelala makabaka wanne, kuanzia Mutesa I hadi Edward Mutesa II. Nyumba yao kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, iliteketea usiku wa Machi 16, 2010. Kampala ikalia, na siku iliyofuata watu wakafa kwa risasi katika vurugu za pale pale. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini, na haikuiondoa hadi 2023. Kuijenga upya kulichelewa kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa kwamba si kila fundi anaruhusiwa kuiezeka. Kazi hiyo ni ya ukoo wa Ngeye. Ndani ya paa kuna mizunguko 52 ya matete, mmoja kwa kila ukoo wa Baganda.

"Ngeye ni nini?" mtoto wa muuguzi aliuliza. Alikuwa amekatazwa gorila, akawa ameacha kusikiliza, sasa amerudi.

"Ni mbega. Yule tumbili mweusi mwenye manyoya meupe."

Ikafuata orodha, kila Mganda aliyekuwapo akichangia wake: Njovu ni tembo, Mpologoma ni simba, Nvubu ni kiboko, Ngo ni chui, Lugave ni kakakuona, Mmamba ni kamongo wa ziwani. Mtu hali mnyama wa ukoo wake, wala haoi ndani yake. Mtoto alitaka kujua kama mtu wa Njovu akienda mbugani anasalimia. Watu walicheka, lakini mwalimu alimjibu kwa uzito: ndiyo, wapo wanaowaita jamaa zao. Ajenda ile ya mstari mmoja, wanyama au utamaduni, ilikuwa imekufa, na mtoto ndiye aliyeizika.

Haikuwa kazi ya maneno matamu tu. Mpiga gitaa alitaka kusimama Mpambire, pale Mpigi kwenye barabara ya Masaka, ambako mafundi wanachonga na kuwamba ngoma za Kiganda kando ya lami. Hakutaka kusimama dakika kumi za picha. Alitaka nusu siku, awambe ngoma yake mwenyewe. Ngoma ndefu, engalabi, huwambwa kwa jadi ngozi ya kenge, na mweka hazina akauliza kama kenge si mnyamapori anayelindwa. Hakuna aliyemjibu vizuri. Wakakubaliana kwamba ngozi ya ng'ombe inatosha, na kwamba fundi ataulizwa kwa adabu.

Wangeweza kuona ngoma bila kutoka mjini. Ndere, kituo cha ngoma kilicho upande wa Ntinda, chenye kundi lililoanza mwaka 1984, huonyesha kwa jioni moja bakisimba ya Buganda, ekitaaguriro ya Ankole, agwara ya Waaluri na nyingine nyingi, pamoja na chakula. Ni onyesho zuri na wachezaji ni hodari kweli. Dereva huwapeleka wageni wake huko usiku wa mwisho. Ila yeye alisema jambo lililomkaa mwandishi wa makala haya kichwani: mgeni akitoka Ndere anajua ngoma kumi, na hajui jina la mpigaji hata mmoja.

Kuhusu njia, walielewana haraka. Barabara ya magharibi yenyewe ni nusu ya likizo. Kayabwe kuna mstari wa Ikweta, na vijana wenye mabeseni wanaoonyesha maji yakizunguka kulia upande huu na kushoto upande ule. Ni ujanja wa mkono, beseni ni dogo mno kwa nguvu ya mzunguko wa dunia, lakini onyesho linafurahisha na bei si kubwa. Lukaya kuna ndizi za kuchoma, gonja, na nyama choma, muchomo. Mama mwenye mgahawa hujivunia neno muchomo, anasema Waganda walilitoa pwani, wakalitia chumvi. Ziwa Mburo, kilomita kama 240 kutoka Kampala, wangelala usiku mmoja: pundamilia, pofu, twiga waliohamishiwa huko kutoka Murchison mwaka 2015, na nafasi ya kutembea kwa miguu na askari wa wanyamapori. Hapo mtoto wa miaka kumi na tatu anaruhusiwa. Siku ya pili wangekula Igongo, karibu na Mbarara, ugali wa bulo, yaani ulezi, kwa eshabwe, mchuzi mweupe wa samli wa Banyankole.

Ziwa Bunyonyi ndilo lililozua mzozo mdogo. Dereva alianza kusimulia, kwa mzaha wake wa kazini, kisiwa cha Akampene, ambako zamani Wakiga waliwatupa wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa, wafe njaa au wachukuliwe na mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari. Wageni hupenda hadithi hiyo mtumbwini.

"Unacheka nini?" mama alimuuliza.

Dereva alinyamaza. Baadaye alisema kwamba bibi yake alikuwa haangalii upande ule wa ziwa wakipita, na kwamba yeye ameisimulia mara nyingi hadi ikawa kama si ya kwao. Kikundi kilikata Bunyonyi. Huenda hawakuwa sahihi, ziwa ni zuri sana. Lakini hakuna aliyerudi kulipigia debe.

Muuguzi aliuliza la usalama, kwa kuwa lazima mtu aulize. Machi 1999 wanamgambo waliovuka kutoka Kongo waliwaua watalii wanane waliowachukua Buhoma, pamoja na ofisa mmoja wa hifadhi. Oktoba 2023, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, maharusi wawili waliokuwa fungate na mwongozaji wao Mganda waliuawa barabarani. Dereva hakupunguza wala kuongeza. Yule wa tatu alikuwa mtu wa kazi yake. Alisema hasafiri usiku, huuliza ofisi ya Mamlaka ya Wanyamapori pale Kamwokya kabla ya kila safari, na akiambiwa subiri, husubiri. Mweka hazina aliandika: siku moja ya ziada.

Kisha likabaki goti la mwalimu. Kuwafuata gorila kunaweza kuchukua nusu saa au saa sita, kupanda na kushuka kwenye matope, na mwalimu ana miaka sabini na mbili. Alitangaza kwamba atawasubiri kijijini. Dereva alikataa.

"Kuna helikopta, mwalimu."

Ndivyo vijana wa Bwindi wanavyoiita machela inayombebea msituni mgeni aliyechoka. Inalipiwa, na vijana wanane au zaidi wanapokezana mabegani. Wageni hupiga picha na kucheka. Lakini dereva alieleza kwamba haikuanza na wageni. Kwao Kigezi machela inaitwa engozi. Vilima ni vikali, magari hayakuwepo, na kila kijiji kilikuwa na chama cha engozi: kila mtu anachangia, kila mtu anabeba zamu yake, mgonjwa anafikishwa hospitali na maiti inafikishwa makaburini. Asiyebeba wenzake, habebwi. Vyama hivyo vikawa pia vya akiba, watu wakawekeza na kukopeshana humo.

Mweka hazina aliacha kuandika. "Kwa hiyo ni sisi."

"Ni ninyi, ila na mabega."

Mwalimu alisema kama ni hivyo atabebwa, na kwamba yuko tayari kulipa hongo ya njia kwa moyo mweupe.

Kura haikupigwa, kwa kuwa hakukuwa tena na pande. Safari ni ya siku saba. Usafiri, malazi na chakula ni vya kikundi, sawa kwa sawa. Kibali cha gorila kila mtu atajilipia, asiyetaka asilazimishwe. Siku ya gorila, muuguzi na mwanawe, na yeyote atakayeamka na mafua, watatembea na Batwa wa Buhoma, baada ya dereva kupiga simu na kupata jibu la nani hulipwa. Kasubi itakuwa asubuhi ya kwanza, baada ya kupiga simu kuuliza, wanawake wakiwa na leso au gomesi. Vibali vyote vitanunuliwa kituo kimoja, hata kama itabidi tarehe isogezwe. Mweka hazina alirudia sentensi hiyo mara mbili akiwaangalia wanandoa wawili waliokaa pembeni.

Mama mwenye mgahawa alimpigia binti yake simu, sauti wazi, kila mtu asikie. Leicester ilikuwa bado mchana. Akamweleza yote kwa pumzi moja: bei, pasipoti, Katiba ya 2010, ubalozi wa Kenya, kwamba aanze kuomba kesho.

"Mama, fomu zitachukua muda. Nitalipa hizo 800," binti alisema. "Si zinawalinda wale wanyama?"

"Dola 10 ndizo za kijiji," mwalimu alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake.

"Basi zingine nitazitumia hapo kijijini. Na huko kwenye ngoma, Mpambire, nako mimi ni mgeni au mwenyeji?"

Dereva aliinama karibu na simu. "Pale hawaulizi pasipoti, nnyabo. Wanasikiliza unavyoongea. Ukifungua mdomo kwa Kiingereza, bei inapanda hapo hapo. Jifunze kuuliza kwa Luganda."

Kimya kifupi, kisha sauti ikatoka simuni polepole, kila silabi imekaa peke yake kama mtu anayevuka mto kwa mawe: "Ssente mmeka?"

Baraza lote lilimwangalia dereva. Alifikiri, akakuna kidevu, akatikisa kichwa.

"Hiyo bado ni ya dola, nnyabo. Sema tena."

Akasema tena.